Busara Wakati wa Shida

Shida inapoingia nyumbani mwa mtu haipigi hodi. Mtoto anashikwa na homa usiku wa manane. Mto unafurika na kuchukua mihogo iliyolowekwa. Mwenye kudai anafika alfajiri pamoja na mashahidi wake wawili. Hapo majirani hukusanyika, na mara nyingi swali la kwanza linalotoka vinywani mwao ni lile lile: Nani amefanya hivi? Nani aliona kijicho? Nani alipita hapa jana jioni bila kusalimu?

Swali hilo ni la zamani sana, na hata wanafunzi wa Bwana Yezu waliliuliza. Mtakatifu Yoane anasimulia katika sura ya 9 ya Injili yake kwamba siku moja Bwana alikuwa akipita, akamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wakataka kujua mara moja mwenye dhambi ni nani, yule kipofu ama wazazi wake. Mtu amekaa gizani tangu siku aliyozaliwa, nao wanatafuta wa kulaumiwa! Bwana aliwajibu kwa maneno machache kwamba si yeye wala si wazazi wake, kisha hakukawia. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni, akamtuma aende kunawa katika birika la Siloamu. Yule mtu akaenda, akanawa, akarudi akiona.

Wakatekumeni wautazame vizuri mwenendo huo. Mwana wa Mungu, ambaye angeweza kuponya kwa neno moja tu, alichukua udongo uliokuwa miguuni pake, na maji ya birika lililojulikana na kila mtu wa Yeruzalemu. Tena alimpa mgonjwa kazi. Kipofu ilimpasa kutembea mwenyewe, tope likiwa usoni, kupita mbele za watu mpaka kwenye maji. Wanafunzi walikuwa wanatazama nyuma, wakichungua chanzo cha hatia. Bwana alikuwa anatazama mbele, kwenye jambo la kutendwa saa ile.

Habari nyingine, iliyo ndefu zaidi na iliyo karibu zaidi na maisha ya kijijini, imo katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Ni habari ya deni, na kwa hiyo kila baba na kila mama wataielewa bila kufafanuliwa. Mtu mmoja wa jamaa ya manabii, mcha Mungu, alikufa akamwacha mkewe na watoto wawili wa kiume. Aliacha pia deni. Mwenye kudai akaja, na kwa kuwa nyumbani hamkuwa na cha kushika, akataka kuwachukua wale vijana wawili wawe watumwa wake. Katika nchi hizi, ambamo mababu waliona misafara ya watumwa ikishuka kwenda Ziwa Tanganyika, hakuna haja ya kueleza uchungu wa mama yule.

Akamlilia nabii Elisha. Nabii hakumwuliza ni nani aliyemroga mumewe. Hakumwuliza pia kwa nini marehemu alikopa, ingawa swali hilo lingekuwa na haki yake siku nyingine. Alimwuliza mambo mawili: atendewe nini, na nyumbani mwake mna kitu gani. Mjane akajibu kwamba hana kitu chochote, ila chupa ndogo ya mafuta.

Jibu hilo linastahili kufikiriwa polepole. Mwanamke yule hakusema uwongo. Kila mtu mwenye shida kubwa husema kwanza kwamba hana kitu, maana shida ni kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha: vyombo vimo mahali pake, lakini macho yanatoka machozi wala hayavioni. Akaongeza neno moja dogo, «ila». Angalifunga kinywa kabla ya neno lile, nabii angalipata wapi pa kuanzia? Mafuta yale aliyaona kila siku, hata akayahesabu kuwa si kitu.

Ndipo Elisha akamwagiza aende kwa majirani wote, aazime vyombo vitupu, tena vingi, asiazime vichache. Kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe na kumimina. Na hapa msomaji asipite haraka. Mke wa mtu aliyekufa na deni, ambaye habari zake zimekwisha kuenea kwenye visima na njia panda, aliambiwa azunguke nyumba kwa nyumba. Bila shaka kulikuwa na mlango mmoja ama miwili aliyotamani kuiruka. Haya yake ilikuwa sehemu ya gharama. Wale vijana nao, ambao kesho yake wangepelekwa utumwani, hawakukaa kulia kando ya mlango. Walimletea mama yao vyombo, chombo baada ya chombo, naye akamimina. Alipoomba chombo kingine akaambiwa kwamba hakuna tena, na saa ile ile mafuta yakakoma.

Mafuta yalitoka kwa Mungu. Vyombo alivitafuta mwenyewe, na kadiri alivyothubutu kuazima ndivyo alivyopokea.

Hata hapo mambo hayakuwa yamekwisha, kwani nyumba iliyojaa mafuta bado ni nyumba yenye deni. Mjane alirudi kwa nabii kuomba shauri. Akaambiwa auze mafuta, alipe deni, na kile kitakachosalia kiwe chakula chake na cha wanawe. Utaratibu wa maneno hayo si wa bure: kuuza, kulipa, kisha kula. Wako watu wengi ambao Mungu amewafungulia mlango, nao wakala kwanza, wakafanya karamu kwa furaha ya kupona, na mwenye kudai akawakuta tena mikono mitupu.

Uwezo huo wa kuona lipi lifanyike, na kulifanya, una jina katika mafundisho ya Eklezya. Unaitwa fadhila ya busara. Nayo huhesabiwa ya kwanza katika zile fadhila kuu nne, ikifuatwa na haki, nguvu na kiasi. Wengine hudhani kwamba busara ni kunyamaza, ama ni mali ya wenye mvi tu, ama ni jina la heshima la woga. Sivyo. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezya aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba busara ina kazi tatu: kutafuta shauri, kukata neno, na kuagiza jambo litendeke. Tena akasema kwamba kazi ya tatu ndiyo iliyo kuu.

Fundisho hilo lingewafaa sana wazee wa baraza. Watu hukaa chini ya mwembe tangu jua likiwa upande mmoja mpaka linapoangukia upande wa pili. Methali zinatolewa, tena nzuri. Wakubwa wanasikilizwa kwa zamu, na mwishowe wote wanakubaliana kwamba daraja lazima litengenezwe. Kisha kila mmoja anachukua kiti chake na kwenda nyumbani. Mwaka unapita, na daraja lingali limevunjika, lakini limekwisha kupatiwa shauri zuri mara tatu. Hakukosekana akili. Ilikosekana ile kazi ya tatu: fulani aende msituni Jumatatu kukata miti, fulani alete kamba, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye atakayeulizwa.

Mtu aipateje busara? Neema ya Ubatizo inaleta mbegu yake rohoni, na katika Kipaimara Roho Mtakatifu analitia nguvu paji la shauri, mojawapo ya mapaji yake saba. Lakini mwenye mbegu asiyelima hatavuna. Mtakatifu Toma mwenyewe alitaja kumbukumbu kuwa sehemu ya busara, maana asiyekumbuka mambo yaliyompata mwaka jana atapatwa nayo kama mgeni mwaka huu. Alitaja pia moyo wa kukubali kufundishwa. Musa aliongea na Mungu mlimani, hata hivyo, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, baba mkwe wake Yetro alimkuta akikaa peke yake kuamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia waziwazi kwamba atajichosha bure pamoja na watu wake. Akamshauri achague watu waaminifu wawe wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Yetro alikuwa kuhani wa Midiani, si Mwisraeli. Musa hakuona haya kupokea neno jema kutoka kinywani mwake.

Yaliyobaki hujifunzwa katika mambo madogo, na hakuna mahali pazuri pa kujifunzia kama nyumbani. Mbuzi wameingia katika shamba la mihogo. Mtu mmoja anachukua fimbo na kwenda kugombana na jirani. Mwingine anakwenda kwanza kutazama ua: umevunjika wapi, tangu lini, kwa kamba iliyooza au kwa mkono wa mtu? Je, hapa nyumbani kuna miti, kuna kamba? Nani kijijini ana ua usiovunjika, naye aliufungaje? Tena kama ua utahamishwa, njia ya wanawake wanaokwenda mtoni itapita wapi? Akiisha kujiuliza hayo, anachagua jambo moja, analifanya asubuhi, na baada ya siku chache anarudi kutazama kama limefaa. Lisipofaa, haoni aibu kulibadili. Mtu aliyezoea kufanya hivyo kwa mbuzi hatababaika sana siku ya mambo makubwa.

Kwa sababu hiyo, Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba wale waliotaka kuwa Wakristu wafundishwe kwa muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa. Wengi walinung'unika kwamba miaka hiyo ni mingi mno. Katekisimu yenyewe mtu mwenye akili nyepesi angeweza kuikariri kwa miezi michache. Lakini miaka minne huwa na njaa ndani yake, na misiba, na ugomvi wa mahari, na ndipo huonekana mtu anakimbilia wapi anapobanwa.

Hapa lazima kuondoa mashaka moja. Wakatekumeni wakisikia Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16, hushangaa kwamba Bwana Yezu alitoa mfano wa msimamizi mwizi, ambaye bwana wake alimsifu. Je, kila njia ya kutoka katika shida ni halali, mradi mtu atoke? Hapana. Msimamizi yule alisifiwa kwa sababu alijua siku zake zimekwisha, akatenda upesi. Wizi wake haukusifiwa. Mwenye kumtoa binti yake mdogo aozwe ili deni lipate kulipwa hakupata njia ya kutoka. Amemtwika mtoto lile deni, naye atalibeba maisha yake yote. Busara ni dada wa haki, na nyumba zao hazina ua katikati.

Tena yuko yule mwingine, ambaye hafanyi ubaya wowote, ila hafanyi kitu. Husema, «Nimemwachia Mungu», akavuta mkeka kivulini. Watu wa pande zote mbili za Ziwa Tanganyika walikuwa na mfano bora kuliko huo. Adrien Atiman alitekwa utotoni katika nchi za Sudani ya magharibi, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa kidaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, akakaa huko akiwa katekista na mganga mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mtu yule yule alifundisha sala na kufunga vidonda. Hakuna aliyemwona akisali badala ya kuosha kidonda, wala akiosha kidonda kwa kusahau sala.

Na sasa wachukue mfano wa kijiji kimoja upande wa magharibi wa ziwa hilo, katika majuma ya kwanza ya mvua. Kijito kinashuka kutoka milimani, kinapita kando ya nyumba, kinaingia ziwani; watu huteka maji kwenye kivuko cha chini, kwa kuwa ni karibu. Siku ya Jumanne watu wa nyumba tatu walianza kuhara, maji meupe kama yale yaliyooshea mchele, na misuli ya miguu ikawakaza kwa maumivu. Kufika Alhamisi kijana mmoja alikuwa amekufa, na mtoto wa miaka minne pia.

Baba wa mtoto yule alikuwa mkatekumeni, naye alitazamia kubatizwa usiku wa Pasaka. Jioni baada ya mazishi ndugu zake walikuja, wakatandika mkeka, wakaanza kuchanga fedha za kwenda kwa mpiga ramli ng'ambo ya milima. Lakini kwa kweli jina lilikuwa limekwisha kutajwa kabla ya ramli. Mwishoni mwa kijiji alikaa bibi kizee mjane, asiye na mtoto aliye hai. Siku ya Jumatatu alipita akaomba chumvi. Na jambo lililowakaza moyo zaidi ni hili: nyumba zote za upande ule ziliguswa na ugonjwa, isipokuwa nyumba yake. Mkatekumeni yule, macho yakiwa mekundu kwa kulia, akaweka fedha zake mkekani pamoja na za ndugu zake.

Kila mtu mzima katika Kongo anajua mambo kama hayo huishia wapi. Mpaka leo wako wazee wanawake wanaofukuzwa vijijini, wanaopigwa, na hata wanaouawa, kwa sababu ya kilio cha watu wengine.

Mwalimu, yaani katekista wa kijiji, alifika usiku ule. Hakuanza kwa kugomba. Aliketi chini pamoja na wafiwa, akalia nao, akasali nao kwa ajili ya mtoto. Kisha akasema, «Ndugu yangu, fedha zikae palepale mkekani. Nipe asubuhi moja tu.»

Mmoja wa ndugu akamjibu, «Mwalimu, asubuhi moja yatosha kutuua sote.»

«Kwa hiyo tusiipoteze,» akasema mwalimu.

Usiku ule ule alimtuma kijana mwenye baiskeli kwenda misioni kuwaita Masista wenye nyumba ya dawa. Wakati wa kungoja aliwaonyesha akina mama kinywaji cha wagonjwa: katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa watie vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, wakoroge, wawanyweshe wagonjwa kidogo kidogo bila kuchoka, mtoto wa kunyonya asiachishwe ziwa, na kinywaji kilichopita siku moja kimwagwe. Maana katika ugonjwa wa kipindupindu mtu hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini, na wengi wanaopata kunywa upesi na kufikishwa hospitali hupona.

Asubuhi alishika kalamu na daftari la mahudhurio ya katekisimu, akapita nyumba kwa nyumba pamoja na kapita. Hakumwuliza mtu yeyote anamshuku nani. Aliuliza nani anaumwa, tangu lini, na maji ya nyumba hii hutekwa wapi. Swali hilo la tatu alikuwa amelipata katika semina ya makatekista huko misioni, ambako Sista mmoja aliwasimulia habari ya mji wa London.

Katika mwaka 1854, mwezi wa Septemba, kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 katika mitaa michache ya mji ule. Wakubwa na wasomi waliamini kwamba ugonjwa hutoka katika hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow hakuridhika. Akapita milangoni akiuliza marehemu walikunywa maji ya wapi, akaona kwamba wengi wao walitumia pampu moja ya Broad Street. Lakini yeye hakutazama waliokufa tu. Alitazama pia waliopona. Karibu na pampu ile palikuwa na nyumba kubwa ya maskini yenye wakaaji zaidi ya 500, na humo walikufa 5 tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye ikajulikana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia ndani ya kisima cha pampu.

Kwa hiyo mwalimu alipokwisha kuandika alikaa juu ya jiwe, akatazama daftari. Nyumba zote zenye wagonjwa ziliteka kwenye kivuko cha chini. Juu kidogo ya kivuko, tangu mvua zianze, maji yalikuwa yakishuka kutoka vichakani ambako watu walikwenda kujisaidia. Kilibaki kitendawili kimoja. Ile nyumba ya bibi kizee ilikuwa upande ule ule, na bibi kizee alikuwa mzima.

Wale ndugu wakasema, «Umeona sasa?»

Mwalimu akaondoka, akamfuata mlangoni pake, akapiga hodi. Yule mzee alifungua nusu tu, kwa kuwa habari za mkekani zilikuwa zimekwisha kumfikia.

«Nyanya,» mwalimu akasema, «nakuomba unisaidie. Maji yako unateka wapi?»

Akashangaa kwa swali hilo. Akasema kwamba maji ya kijito hajayanywa tangu usichana wake. Nyuma ya mwamba, juu ya mashamba ya zamani, kuna chemchemi ambayo mama yake aliteka, na mama wa mama yake. Njia imefungwa na majani, nayo ni ya mlima, kwa hiyo wasichana wa siku hizi hawaitaki. Yeye hupanda polepole na kibuyu kimoja, asubuhi na jioni. «Huwa nawaambia,» akasema, «lakini nani anamsikiliza mzee?»

Ile dalili iliyoshikwa kuwa ushahidi juu yake ndiyo iliyokuwa na dawa ndani yake. Lakini ilitaka mtu wa kuuliza kwa heshima.

Masista walifika adhuhuri na dawa na mishipi ya maji, wakawachukua walio na hali mbaya. Jioni kapita alitoa amri mbele ya watu wote, na kila kazi ikapewa jina la mtu. Kivuko cha chini kilifungwa kwa miiba, na mzee mmoja akawekwa pale kulinda. Kila nyumba ilipaswa kuchemsha maji ya kunywa, na kunawa mikono kwa sabuni ama majivu kabla ya kula. Vijana wa kwaya walipewa vyoo vya kuchimba, chini ya kijiji, hatua nyingi mbali na maji yote. Na watu sita walichaguliwa kufungua njia ya chemchemi na kuizungushia mawe, ili mbuzi wasiingie na maji yatoke kwa mrija wa mwanzi.

Wakati majina yale sita yalipokuwa yakitajwa, baba wa mtoto aliyekufa alikuwa amesimama nyuma, mbali kidogo na ndugu zake. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuchukua fedha zake mkekani, naye alisema kwa sauti kwamba atakwenda ng'ambo ya milima hata peke yake. Baba yule hakumjibu. Akasogea mbele, akasema, «Niandike na mimi.»

Ijumaa walipanda mapema. Bibi kizee alitangulia na fimbo yake, naye alipanda taratibu sana hata vijana wakawa wanasimama kumngoja. Walipofika kwenye mwamba wakaona maji, kidogo lakini safi, yakitoka chini ya mizizi. Watu wakaweka chini majembe. Hakuna aliyesema neno. Yule baba hakuweza kumtazama mzee usoni, alisimama muda mrefu akishika mpini wa jembe lake, kisha akasema akiwa ameinamisha kichwa, «Nyanya, mawe ya zamani yalikuwa yamepangwa wapi?»

Akamwonyesha kwa ncha ya fimbo, hapa na hapa na pale. Naye akainama, akaanza kuchimba.